Fundi, Umejuaje?

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo wenye magari wengi tunaliogopa tukiwa gereji: fundi, umejuaje? Tunaliogopa hasa pale bei inapokuwa kubwa, na hapo ndipo lilipaswa kuulizwa kwa sauti.

Mambo yetu yanajulikana yanavyokwenda. Fundi anatoka chini ya gari, anafuta mikono kwa tambara, anakwambia giaboksi imekufa, au difu imekwisha, au transfa lazima ishushwe ibadilishwe nzima. Anataja mamilioni. Mwenye gari anashusha pumzi, kisha anauliza: sasa fundi, utanipunguzia ngapi? Kubishania bei tunaweza sana. Ila hukumu iliyoizaa bei hiyo, yaani neno la fundi kwamba kitu fulani kimekufa, hatuigusi. Tunaishia kuomba punguzo la kitu ambacho pengine hakikuhitaji kununuliwa kabisa.

Nimechagua magari ya 4x4 kwa sababu huko ndiko maumivu yalikozidi. Huku kwetu Arusha gari la namna hiyo ni ofisi ya mtu. Landcruiser za watalii zinashuka kreta na kupanda, zinakwenda Serengeti kwenye vumbi na kurudi na matope. Mjini nako Forester, RAV4 na X-Trail zimejaa, nyingi zimeshatumika Japani kabla ya kufika hapa. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina vitu vingi zaidi vilivyojificha chini: difu ya mbele na ya nyuma, propela, transfa, au klachi zilizolowa oili ndani ya giaboksi. Mwenye gari havioni vitu hivyo, na kila kimoja kikitajwa bei yake inatisha. Ndiyo maana fundi akisema kimekufa, tunaamini.

Sasa nisikilize kisa hiki, maana nilikuwepo.

Mama mmoja wa Usa River, mfanyabiashara wa nafaka, ana Forester ya gia otomatiki, ile ya hatua nne. Gari lilianza tabia. Barabarani, likinyoosha, halina neno. Akifika nyumbani na kukata kona kali kuingia getini, linashika. Linang'ang'ania, usukani unakuwa mzito, kisha linaachia na kuruka kidogo. Akalipeleka gereji. Fundi kijana aliliendesha, akazunguka nalo uwanjani pale mara chache, akarudi na jibu: "Mama, giaboksi hii imekufa. Tutafute nyingine ya mtumba. Na ufundi wangu, andaa milioni tatu na nusu."

Hakulipiga jeki. Hakuchomoa kijiti cha oili. Hakumuuliza mama swali hata moja.

Mama yule hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Ahsante fundi, nipe siku mbili." Akampigia simu mzee mmoja wa mtaani kwao, aliyefanya ufundi wa magari maisha yake yote na sasa amepumzika. Mzee alikuja na baiskeli. Kabla hajafungua boneti aliuliza, "Mama, tabia hii imeanza lini?" Mama akasema ni kama mwezi na kitu. "Na mwezi huo ulifanya nini kwenye gari?" Hakuna, mzee wangu, nilibadilisha tairi tu. "Zote?" Hapana, za mbele mbili, za nyuma zilikuwa bado zinafaa.

Mzee akaomba chaki na futi ya fundi cherehani. Aliweka alama ya chaki kwenye tairi ya mbele pale inapogusa sakafu, akaweka alama nyingine sakafuni, tukalisukuma gari polepole hadi tairi ikazunguka mara moja kamili, akapima. Akafanya vilevile kwa tairi ya nyuma. Tairi ya nyuma ilikwenda pungufu kwa karibu sentimita tatu.

Sentimita tatu inaonekana kitu kidogo, lakini tufanye hesabu. Tairi ya kipimo cha 215/60 ringi 16, ikiwa mpya, hutembea kama mita 2.09 kwa mzunguko mmoja. Iliyolika, yenye meno mafupi kwa milimita tano hivi, hutembea kama mita 2.06. Maana yake ni kwamba katika kila kilomita moja, magurudumu ya nyuma yanalazimika kuzunguka mara saba zaidi ya yale ya mbele. Kutoka Arusha hadi Moshi, kilomita kama 80, ni mizunguko zaidi ya mia tano ya ziada. Kwa gari linalovuta kwa mbele tu, jambo hilo halina madhara kwa giaboksi, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayajaungwa na kitu. Kwa Forester yameungwa. Kati ya mbele na nyuma, ndani ya giaboksi, kuna klachi ndogo ndogo zilizolowa oili, zinazobana na kuachia kidogo kidogo ili magurudumu yapishane kwenye kona. Zimetengenezwa kwa kazi ya kona. Ukizifungia tairi zisizolingana, zinafanya kazi hiyo mfululizo, hata kwenye barabara iliyonyooka, na oili inaungua. Subaru wenyewe wanaelekeza kwamba mizingo ya tairi nne isipishane zaidi ya milimita sita hivi. Sisi tulikuwa na thelathini.

Lakini mzee hakuishia kwenye tairi, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Alisema tairi ni sababu inayowezekana, haijawa ushahidi; huenda klachi zimeshaganda kweli, na yule kijana akawa amesema kweli. Akafungua boneti. Forester nyingi za zamani za otomatiki zina kitundu cha fyuzi kilichoandikwa FWD, na kwa kawaida kiko kitupu. Watengenezaji walikiweka kwa ajili ya siku unapofunga ile tairi ndogo ya akiba: ukichomeka fyuzi hapo, kompyuta inaziachia klachi zote na gari linavuta kwa mbele tu. Mzee alichomeka fyuzi, akawasha gari, taa ya FWD ikawaka kwenye dashibodi. Akamwambia mama, "Endesha, kata kona mpaka mwisho."

Gari lilikata kona laini kabisa.

Klachi zilikuwa zinaachia. Zingekuwa zimeganda, fyuzi ile isingesaidia chochote. Giaboksi ilikuwa hai, ikiteswa. Wakachomoa kijiti cha oili: oili nyeusi, inanuka kuungua. Mama alinunua tairi mbili za nyuma zinazofanana na zile za mbele, akabadilisha oili ya giaboksi, fyuzi ikatolewa, na mpaka leo anaingia getini kwake bila shida.

Fikiria sasa angekubali ile milioni tatu na nusu. Giaboksi ya mtumba ingefungwa kwenye gari lilelile, lenye tairi zilezile. Ingeanza kuteseka siku ya kwanza. Baada ya miezi angeambiwa na hiyo nayo imekufa, mtumba hauaminiki, tutafute nyingine. Hili ndilo linalonikera kuliko bei. Uamuzi usiopimwa unakula fedha na kuliacha tatizo palepale.

Ugonjwa huohuo unazipata Landcruiser za kazi, ila kwa njia nyingine. Hizo nyingi hazina klachi za kuachia kati ya mbele na nyuma. Ukiweka 4x4, mbele na nyuma vimefungwa pamoja. Kwenye matope au mchanga ni sawa, kwa kuwa gurudumu lina pa kutelezea. Kwenye lami kavu halina. Dereva anatoka Ngorongoro, anapita lango la Loduare, anaingia lami ya Karatu na 4x4 bado ameiweka. Gari linakuwa zito, kona zinakataa, na akijaribu kuitoa 4x4 gia inagoma kwa sababu vyuma vimejibana. Akifika gereji anaambiwa transfa imekwama, ishuke. Mara nyingi dawa yake ni kurudi rivasi kwa kunyoosha mita chache, mbano uachie, gia itoke yenyewe. Transfa ikikubali kutoka namna hiyo na ikafanya kazi kawaida baadaye, fundi anayetaka kuishusha ana deni la kunieleza kwa nini.

Kuna mifano mingi na nitaitaja mbiombio. Gari likivuma zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka, wengi wanaambiwa difu. Lakini mvumo ukibadilika unapoegemeza gari kushoto au kulia kwenye kona, beringi ya gurudumu inatuhumiwa kwanza. Ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, hapo difu ina kesi ya kujibu. Gari likigonga chini mara moja unaposimama, kabla ya kusema giaboksi, mtu achukue bomba la grisi na kupiga grisi kwenye propela, pale inaporefuka na kufupika. Landcruiser na Prado zinajulikana kwa kugonga huko. Taa ya 4x4 ikimweka kwenye baadhi ya Surf na Hilux za miaka ya 1990, chanzo chaweza kuwa mpira mwembamba wa hewa uliopasuka, ule unaovuta kifaa cha kuunganisha difu ya mbele. Na kwenye magari mapya zaidi, sensa ya gurudumu ikijaa matope kompyuta hukosa hesabu ya mwendo na kuzima 4x4 kwa usalama. Mashine ya kupimia inatoa namba, fundi anakuonyesha namba, anasema mashine imesema. Mashine imesema kuna kasoro kwenye mzunguko fulani wa umeme. Kwamba ni sensa, waya, soketi yenye kutu, au tope, hilo bado linasubiri mtu mwenye subira alitafute.

Msikilizaji, usidhani nimekuja kuwasema mafundi. Zipo siku fundi anasema difu imekufa na imekufa kweli. Tofauti ni kwamba kilichokufa kinaacha ushahidi. Boliti ya kumwagia oili kwenye difu nyingi ina sumaku. Ukiifungua ukakuta ungaunga laini wa chuma umeganda pale, hiyo ni hali ya kawaida ya vyuma vinavyosagana kwa miaka. Ukikuta vipande, kipande cha jino la gia unachoweza kukishika kwa vidole, mazungumzo yamebadilika. Gari lililovuka mto maji yakapita juu ya ekseli, oili ya difu ikitoka nyeupe na nzito, maji yameingia, na hapo fundi akikwambia usiendelee kuendesha, msikilize. Vitu hivi vinaonekana kwa macho ya mtu asiyejua ufundi hata kidogo. Fundi mwenye ushahidi huo mkononi hana sababu ya kukasirika ukimwomba akuonyeshe. Atakuita mwenyewe.

Basi kwa nini mafundi wengi, na wengine ni waaminifu tunaowafahamu, wanarukia kusema kimekufa? Nitarudi kwa yule mzee. Alipomaliza, mama alimuuliza anamdai kiasi gani. Mzee akasema, "Ah, mama, nimeangalia tu. Nipe ya maji." Mama alikataa, akamlipa laki moja, na mzee alishangaa kupewa fedha hiyo.

Mtu amemwokolea mwenzake mamilioni, naye anaona hajafanya kazi kwa sababu hakubadilisha kitu. Hilo hakulitunga yeye, sisi ndio tuliomfundisha. Hospitali tunalipia kumwona daktari, tunalipia damu kupimwa, na majibu yakisema huna malaria hatudai fedha irudi. Gereji tunataka kupima kuwe bure. Fundi akikaa nusu siku chini ya gari akagundua ni mpira wa hewa wa bei ya chapati chache, tunamlipa bei ya mpira na shukrani. Akisema giaboksi, analipwa ufundi wa kushusha na kupandisha, na huko dukani kwenye spea kuna cha juu chake. Yule kijana ana kodi ya pango, ana watoto. Tumemwekea njia mbili, moja ya ukweli isiyo na chakula na nyingine ya kubahatisha yenye chakula, halafu tunashangaa anakopita.

Na hili halikuanzia kwenye gereji za Unga Limited wala za Gerezani. Idara ya kutetea walaji ya jimbo la California, Marekani, ilituma watu wake kwa siri kwenye gereji za kampuni kubwa ya Sears, wakijifanya wateja wa kawaida. Mwaka 1992 idara ikaituhumu kampuni hiyo kwamba inawauzia watu matengenezo wasiyoyahitaji. Ilipochimbwa sababu, ikaonekana wafanyakazi walikuwa wakilipwa kwa kamisheni na kuwekewa viwango vya mauzo, yaani spea na huduma kadhaa ziuzwe kila zamu. Sears ikauondoa mfumo ule wa kamisheni. Walikuwa na vifaa vya kisasa, mavazi safi na jina kubwa, na bado malipo yaliyofungwa kwenye mauzo yaliharibu hukumu ya fundi. Mwanauchumi George Akerlof alikuwa ameandika tangu 1970 juu ya soko la magari yaliyotumika, jinsi biashara inavyooza pale muuzaji anapojua hali ya gari na mnunuzi hajui, na mwaka 2001 alipata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Kwenye gereji pengo hilo ni pana zaidi, kwa sababu yule anayekwambia ugonjwa ndiye anayekuuzia dawa.

California walikuwa na sheria tangu 1971 inayomtaka mwenye gereji kumpa mteja makadirio kwa maandishi kabla ya kazi, na kumrudishia kifaa cha zamani akikiomba. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani yenye jukumu la kumlinda mlaji asidanganywe. Ni msaada mzuri, ila kesi ya giaboksi ya Usa River haitafika huko bila karatasi. Gereji zetu nyingi hufanya kazi kwa mdomo. Kilichosemwa Jumatatu kinabadilika Alhamisi, na hakuna anayeweza kuonyesha nani alisema nini. Nampenda fundi anayeandika, hata kama ni kwenye daftari la shule: gari limekuja na tabia gani, amepima nini, amekuta nini.

Najua kuna msikilizaji anayesema, mimi nitaulizaje wakati sijui hata difu iko upande gani? Na akina mama mmeniambia mara nyingi kwamba mkiuliza mnajibiwa, "Wewe mwite mzee aje tuongee." Jibu hilo ni dharau na likitoka, ondoa gari. Lakini kuuliza hakuhitaji ujuzi wa ufundi. Mama yule hakujua kitundu cha FWD. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya lini tatizo lilianza, na ujasiri wa kusema nipe siku mbili. Mweleze fundi tabia ya gari, usimtajie kifaa. Ukiingia gereji ukisema "giaboksi yangu ina shida", umeshamwelekeza. Sema linashika kwenye kona kali, likiwa na moto na likiwa baridi, tangu tulipobadilisha tairi. Kisha sema kwa upole tu: fundi, kabla hatujanunua kitu, naomba unipimie, na kupima nitakulipa. Ukishapata jibu, mwombe akuonyeshe, na mkubaliane kwamba kifaa cha zamani utaondoka nacho. Na mwulize, tukifunga kipya na tatizo likabaki, tunafanyaje? Fundi aliyepima atakujibu bila kuchelewa. Aliyebahatisha ataanza kuzungumza habari nyingine.

Yule kijana wa kwanza nilimfuata baadaye, sikutaka kumsema bila kumsikia. Nilimweleza habari ya chaki na fyuzi. Hakubisha. Alisema fundi aliyemfundisha alijua magari ya zamani tu, na haya ya otomatiki amejifunza mwenyewe kwa kushusha na kupandisha. Kitundu kile alikuwa amekiona mara nyingi, hakujua ni cha nini. Aliniuliza kinafanyaje kazi, nikampa namba ya mzee. VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, na nilimsihi aende, kwa sababu mikono yake ni mizuri na bado ana miaka mingi mbele.

Mafundi mnaonisikiliza, nina ombi moja. Wekeni bei ya kupima. Iandikeni ukutani, kupima 4x4 ni shilingi kadhaa, iwe imetengenezwa au haikutengenezwa. Wateja wengine watanung'unika wiki za mwanzo. Wale waliowahi kununua giaboksi wasiyoihitaji watalipa bila maneno. Gereji ambayo tayari inafanya hivyo itutumie ujumbe kwa namba zetu zilezile za kipindi, itueleze inatoza kiasi gani na wateja wamelipokeaje. Jumapili ijayo nitakuwa hapa studio na mafundi wawili wa Arusha, mmoja wa Landcruiser na mmoja wa magari madogo ya otomatiki, nao watajibu maswali yenu ya kuvuma, kugonga na kushika kwenye kona. Tumeni maswali mapema, na mkumbuke kuandika tatizo lilianza lini.